Weusi Ndani ya Mtutu

Mashimoni, Kibera
9 Aprili 1995

Bwana Shiundu,

Leo ni Jumapili ya Matawi, na huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nilipovuka daraja la Nzoia nikiwa na sanduku la mbao na redio isiyo na betri. Barua yako ilinifikia kanisani. Nimeisoma nikiwa nimeketi mlangoni pangu, hapa ninapotengeneza majiko ya mafuta ya taa na kufuli za watu, huku foleni ya maji ikipita mbele ya magoti yangu.

Unaniuliza mambo mawili, nawe umeyafunga pamoja kana kwamba ni jambo moja. La kwanza, bunduki ya Ushirika wa Mpunga, ile ya kuwindia tuliyouziwa na mwindaji Mholanzi, siku hizi iko mikononi mwa Austine, mtoto wa marehemu kaka yangu, na anakosa viboko wanaoingia kwenye mpunga. Unataka kujua mtutu usafishwe mara ngapi na kwa kiasi gani. La pili, wazee wamekubali nirudi nijenge kwenye kiwanja changu kando ya mfereji, mradi nisimame kwenye kaburi la kaka yako Wepukhulu niseme mbele ya watu, "Sikusafisha bunduki."

Nitakujibu la kwanza kikamilifu, kwa sababu uliuliza kama muungwana.

Baada yangu mlipitisha sheria kwamba isafishwe kila jioni, imefyatuliwa au haikufyatuliwa, mpaka ing'ae. Mtutu si sufuria. Ndani yake kuna mikato inayozunguka kama nyuzi za skrubu, na mikato hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili inyooke. Ukiusugua na kuupaka mafuta, risasi ya kwanza haiendi zitakakokwenda ya pili na ya tatu. Kila bunduki ina tabia yake. Hiyo yenu, ikiwa na mafuta, hupanda na kwenda kulia.

Kwa hiyo, ikinyeshewa, isafishwe siku hiyo hiyo, maana hewa ya ziwa hula chuma. Ikikaa kabatini msimu mzima, ipakwe mafuta membamba. Ikianza kutawanya risasi, hapo ndipo isuguliwe kwa brashi ya shaba, na ufito wa kusafishia uingie kwa nyuma. Usiingizwe kamwe kwa mdomoni, kwa kuwa mdomo wa mtutu ukishalika hakuna fundi wa kuurudisha. Siku nyingine zote kitambaa kikavu kinatosha. Kabla ya kazi, Austine afute mafuta yote, apige risasi mbili kwenye tuta la udongo, halafu aiache hivyo hivyo. Akichungulia ataona weusi kidogo. Auache. Bunduki imeshauzoea.

La pili: sitaisema sentensi hiyo. Haikuwa kweli mwaka 1968, na haijageuka kuwa kweli kwa kukaa.

Wasalimie.

Dalmas Opondo


Ofisi ya Ushirika wa Mpunga
2 Mei 1995

Mzee Dalmas,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kama katibu ilinibidi niisome barua yako mbele ya kamati, na nakueleza yaliyotokea bila kuficha.

Nilipofika pale pa kuacha weusi, Mzee Obiero aligonga meza kwa fimbo. "Huyu amekaa Nairobi mpaka ameona uchafu ni dawa!" Watu wakacheka. Mwenyekiti akaongeza, "Aliyeacha bunduki chafu ikatuulia mtu, leo anatufundisha tuache bunduki chafu." Austine alinyoosha mkono, akaambiwa akae, kijana haongei habari za baba yake mdogo. Sheria imebaki.

Kibao pia kimebaki. Pengine hukijui, maana kiliwekwa baada ya wewe kuondoka. Kiko juu ya lango la Ushirika, na kila mwaka kinapigwa rangi upya: BUNDUKI ISAFISHWE KILA JIONI, YASIRUDI YA DALMAS. Watoto wa shule hukisoma kwa sauti wakipita. Nakuambia ili usije ukakiona ghafla.

Wiki iliyopita kiboko alikanyaga mpunga wa upande wa chini. Austine alipiga, risasi ikapita juu, mnyama akarudi majini. Namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na mtu njiani.

Mzee, mimi nilikuwa kijana mwaka ule, lakini mkaguzi wa bunduki alipomaliza kuchungulia mtutu, nilichungulia na mimi. Ulikuwa mweusi kama dohani. Sikusimuliwa. Kwa hiyo nakuomba kama mdogo wako: maneno ni mawili tu. Nasipwondi, mjane wa kaka, amezeeka. Wapimaji wa ardhi wanakuja mwisho wa Septemba, na kiwanja kisicho na mwenyewe kitagawanywa. Nimekizuia kwa miaka mingi. Siwezi kuwazuia wapimaji.

Wako,
Shiundu


Kawangware
14 Mei 1995

Dalmas, omera, kaka yangu,

Anayeandika ni Hope, mimi nasema tu, mikono yangu iko kwa mashine ya kufuma sweta. Kijaluo cha kuandika huyu mtoto hajui hata kidogo, kwa hivyo leo tutasemezana Kiswahili kama watu wa ofisi.

Ningekuja huko Mashimoni mwenyewe, lakini mara ya mwisho ulinipea chai ya strungi, hata maziwa hakuna, na hotuba ya saa mzima. Kwa barua angalau utaninyamazia mpaka nimalize.

Shiundu ameniandikia pia. Maneno mawili, Dalmas! Mimi kila siku nadanganya wateja hapa mtaani Satellite, "Sweta ya mtoto itakuwa tayari kesho," na bado kanisani naimba kwa nguvu. Wewe maneno mawili yamekukwama kwa koo tangu wakati wa shilingi yenye maana.

Sikiliza. Wewe ni mwanaume wa mvi na huna boma. Ukifa leo tutakupeleka wapi? Watakujengea kibanda cha mabati cha siku moja, ndio wapate pa kulaza jeneza, halafu wakuzike pembeni kama kijana ambaye hakuwahi kuoa. Na hiyo ni kama watakubali uvuke daraja. Wakikataa, ni makaburi ya Lang'ata, katikati ya watu hatujui, na namba kwa kibao. Nitakuwa nakuja kukutafuta na karatasi mkononi, kama mtu anatafuta ploti? Eti namba ngapi, eti line gani?

Nakuuliza kitu sijawahi kukuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu. Ile bunduki, ulisafisha ama hukusafisha?

Ni mimi dadako,
Apiyo

Uncle, niaje. Mum amesema nisiandike hii, lakini hapo kwa Lang'ata alisimamisha mashine, akalia kiasi. Mjibu tu poa. Hope.


Mashimoni
21 Mei 1995

Nyaminwa, dada yangu Apiyo,

Umeuliza swali ambalo baraza lile halikuuliza. Wao waliuliza, "Kwa nini hukusafisha?" Hilo halina jibu kwa mtu aliyesafisha.

Niliifuta kwa kitambaa kikavu jioni, nikaiacha kabatini kama nilivyotaka iwe, na weusi wake kidogo, tayari kwa kazi. Wepukhulu alikuwa mlinzi wa mfereji na alikuwa na ufunguo wa ofisi. Unakumbuka alivyokuwa, hawezi kukuona unajitwisha mzigo asikimbilie upande wa pili. Alisikia kwamba mkaguzi anakuja, na kwamba akikuta weusi ndani ya mtutu nitafukuzwa kazi. Kwa hiyo, nilipokwenda nyumbani, aliitoa, akaisugua mpaka ikang'aa, akaimiminia mafuta. Hakuniambia. Alitaka nifurahi asubuhi.

Kulipopambazuka kiboko alikuwa ndani ya mpunga. Nilikuwa nakimbilia ofisini, Wepukhulu akanikuta njiani ameshaibeba. Akanitupia. "Shika, Dalmas! Leo inang'aa, mkaguzi atajiona uso!" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sikuelewa alichosema mpaka nilipofyatua. Moshi wa mafuta ulitoka mzito, ukanifunika macho, na risasi ikapanda kulia ikamkwaruza mnyama mgongoni. Wepukhulu alidhani nimempata. Alikimbia kufunga lango la maji, akawa amesimama kati ya kiboko na mto. Kiboko alimpitia akirudi majini; mengine unayajua.

Mafuta yakiungua ndani ya mtutu huacha weusi mwingi kuliko baruti. Mkaguzi alichungulia akauona, akasema huo ni uchafu wa wiki nzima. Shiundu alichungulia baada yake akaona kile alichokwisha kuambiwa.

Barazani Nasipwondi alikuwa ameketi mstari wa mbele na mtoto mapajani. Nilisema, "Sikuiacha chafu," nikanyamaza. Ningeongeza nini? Kwamba mume wake ameuawa na wema wake mwenyewe? Wangemcheka marehemu kijiji kizima, na mjane alikuwa amebakiwa na nini zaidi ya jina lake? Nilidhani wataniuliza zaidi. Siku ya pili walipanda juu ya nyumba yangu wakaanza kung'oa mabati.

Kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili yake, na hilo silijutii. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja. Kusimama juu ya kaburi lake na kutamka uongo ni kingine, na mimi sitamdanganya Wepukhulu hapo alipolala.

Haya yabaki kwako. Mwambie Hope nimejibu poa.

Kaka yako,
Dalmas


Ofisi ya Ushirika wa Mpunga
20 Agosti 1995

Mzee Dalmas,

Nimeanza barua hii mara kadhaa.

Dada yako alikuja kwenye mazishi ya Mama Adhis, jirani yenu wa zamani. Nadhani unamjua Apiyo kuliko mimi. Wanawake walikuwa wakipakua chakula, mmoja wao akamtania, "Na yule kaka yako wa bunduki chafu bado yuko hai?" Apiyo akaweka upawa chini. Alisema yote, Mzee. Kabati, ufunguo, mafuta, mpaka "mkaguzi atajiona uso." Alisema kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Mimi nilikuwa hema la wanaume na nilisikia kila neno.

Nilisimama nikakemea. Nilimwambia anamtukana marehemu. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakitaka afukuzwe. Ndipo Nasipwondi akaongea, na unajua yeye huwa haongei.

"Jioni ile alivua shati linanuka mafuta ya bunduki," alisema. "Nikamuuliza, umeingia kwenye mtungi? Akacheka, akasema amemsaidia Dalmas. Asubuhi akafa. Shati hilo nilikaa nalo mpaka harufu ikaisha."

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukusema?"

Akanijibu, "Nani aliniuliza?"

Kesho yake nilimwita Austine. Nilimwambia aisafishe bunduki kama kibao kinavyosema, aipake mafuta, na tukaweka katoni ya unga kwenye tuta. Risasi ya kwanza ilipita juu upande wa kulia, haikugusa hata katoni, na moshi ukatoka ule ule niliouona nikiwa kijana. Nilikuwa nimeusahau moshi ule, Mzee. Ya pili na ya tatu ziliingia katikati, ungeweza kuzifunika kwa kikombe. Alirudia kusafisha na kupaka mafuta, akapiga moja tu, ikapita pale pale juu. Kisha nilimwambia anipe nichungulie. Ulikuwa mweusi kama dohani.

Nimeyapeleka haya kwa wazee. Walikaa kutwa nzima, na uamuzi wao ni huu. Hutahitaji kuisema sentensi ile. Itasemwa kwamba ilikuwa bahati mbaya, yaishe. Lakini damu ilimwagika kwa mlio wa bunduki yako, kwa hiyo utakuja na kondoo, achinjwe kaburini, wazee wakutakase na kukusamehe mbele ya watu. Baada ya hapo kiwanja ni chako na watakusaidia kusimamisha nguzo.

Kuhusu kibao, wamesema kibaki. Kikiondolewa watu watauliza sababu, na jibu litamfikia Wepukhulu. Austine anafuata maelekezo yako kimyakimya, anapiga risasi zake mbili kwenye tuta na hakuna anayemuuliza. Amekwisha kuwaondoa viboko wawili upande wa chini, kila mmoja kwa risasi moja.

Najua si yote uliyostahili. Ni yote niliyoweza kupata. Njoo kabla ya wapimaji, Mzee wangu. Nitakungoja darajani mwenyewe.

Shiundu


Mashimoni, Kibera
10 Septemba 1995

Shiundu, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Jumamosi nilikwenda nayo hadi Soko la Toi, ninakonunua vitabu vya zamani, na sikununua kitu. Nilisimama tu kwenye meza ya mwenye vitabu nikaisoma tena, mpaka akaniambia, "Mzee, hiyo yako ni nzuri kuliko zangu?" Nikamwambia ndiyo. Mtu aliyechungulia upya mahali alipokwisha kuona ni mtu adimu, na nilitaka ulijue hilo kabla hujasoma mengine.

Mwambie Nasipwondi nimemsikia. Tulikuwa tunanyamazia kitu kimoja, yeye huko na mimi huku, na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kama kuna mtu ningevuka daraja kwenda kumsalimu, ni yeye.

Apiyo nilimkaripia. Alikuja Mashimoni kwa mguu kutoka Kawangware, na goti lake hilo bovu, akaniambia, "Nilisema kwa sababu wewe ungekufa nalo." Nikamwambia hilo ndilo nililokusudia. Akasema, "Basi umekosa shabaha," akajimiminia chai.

Sasa kuhusu wazee. Kondoo wa damu nisingemkataa. Ningelikuwa nimeambiwa mwaka ule, "Dalmas, mtu amekufa mbele ya bunduki yako, lete kondoo tulie pamoja," ningemleta siku hiyo hiyo, na machozi yangu yangetangulia yenu. Lakini ninyi hamniitii kilio. Mnaniitia msamaha. Anayesamehewa ni mwenye kosa, na kosa mmekwisha kuliandika kwa rangi juu ya lango, na kila mwaka mnaongeza tabaka jingine. Mnataka nipite chini ya kibao hicho nikivuta kondoo kwa kamba, na watoto wa shule wakinisomea jina langu.

Wazee wanasema jina langu likiondoka la Wepukhulu litaonekana. Sikuwahi kuomba jina lake liandikwe. Nimelinda jina lake kwa maisha yangu ya utu uzima, na leo wanalitumia kama sababu ya kulishikilia langu pale juu. Waambie bunduki haihitaji jina la mtu yeyote ili ipige sawa. Kibao kingeweza kusema: futa mafuta, piga mbili, acha. Hakuna wa kuona aibu hapo, aliye hai wala aliyekufa. Wameona ni rahisi zaidi kuniachia mimi aibu, kwa kuwa nimeizoea. Sijaizoea. Nilikaa nayo mbali tu.

Kisha wanafuata maelekezo yangu kimyakimya! Asubuhi Austine anasafisha kwa njia ya Dalmas, na mchana watoto wanasoma yasirudi ya Dalmas. Mpunga mnaula. Mimi mmenitundika.

Usidhani nazungumza kwa hasira ya asubuhi moja. Nimefikiria harufu ya matope ya mfereji maji yanapofunguliwa. Nimefikiria kiwanja, pale palipokuwa na mlango wangu, ukitazama ziwa. Hapa nautazama ukuta wa jirani na mtaro, na mvua ikinyesha naweka sanduku langu juu ya kitanda. Napajua ninapopaacha na napajua ninapobaki. Nimempeleka Apiyo Lang'ata, tukatembea, nikamwonyesha upande wenye miti. Alilia, kisha akasema ardhi yake ni nyekundu, itachafua viatu vya watu. Nadhani ameanza kukubali.

Mpe Austine haya. Kitambaa kiwe cha pamba iliyofuliwa mara nyingi, kisitoe nyuzi. Mafuta ya kuhifadhi yawe matone, asimwage. Masika yakianza asiamini kabati, achungulie kila baada ya siku chache, maana kutu ni weusi wa namna nyingine, nao huo asiuache hata siku moja. Atazijua tofauti zake kwa kugusa: kitambaa kikitoka na weusi laini, ni moshi, kikitoka na wekundu unaokwaruza, ni kutu. Na akitupiwa bunduki na mtu anayempenda, hata kiboko akiwa mbele yake, afungue achungulie kwanza.

Kiwanja kiandikwe jina lake. Wapimaji wakiuliza, waonyeshe barua hii. Kibao fanyeni mnavyotaka, lakini msimwambie mtu kwamba nilisamehewa, kwa kuwa sikuomba.

Usiningoje darajani. Sitarudi.

Dalmas Opondo